Panya Aliyeulizwa Habari za Meno

Paka mmoja aliyeitwa Mwinyi alioza jino la nyuma. Mama Hadiya, aliyemfuga, akasema, "Kesho nakupeleka kwa daktari wa wanyama, alitoe."

Mwinyi alikuwa mwoga, akaenda kwa Panya kuomba ushauri. Watoto wote wa mtaa ule waking'oka meno huyatupa juu ya paa, ili Panya awape mapya. Basi nani anajua meno kumshinda yeye?

Panya alikuwa mjanja. Akachungulia kinywa cha paka kwa mbali, akatikisa kichwa.

"Usikubali, mzee wangu! Likitoka moja, yote yatafuata. Jifiche mpaka mama asahau. Na usitafune kigumu."

"Hata dagaa?"

"Wakavu hao, watakuua!"

"Mifupa ya kuku je?"

"Mwiko! Tafuta nyama laini, ya kumeza tu."

Mwinyi akafikiri, akalamba midomo. "Ndugu yangu, wale wanao waliozaliwa juzi, wameshaota manyoya?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nafuata dawa yako."

Kesho yake Mama Hadiya alimtafuta Mwinyi nyumba nzima na kikapu mkononi. Panya akapanda juu ya pipa alimojificha paka, mchana kweupe, akapiga kelele mpaka mama akaja. Mwinyi akakamatwa, akatiwa kikapuni analia.

"Nenda tu, mzee wangu," Panya akamwambia kwa upole. "Na daktari akitaka kung'oa yote, usimkatalie."