Lori Lililoacha Kunywa

"Lirudishe kama lilivyokuwa," mwenye lori alisema, akatupa funguo juu ya benchi.

Fundi wa pampu hakuinua kichwa. Alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee, mikono imetapakaa dizeli hadi viwikoni. Alianza kufungua pampu za malori kabla hajaolewa, na wateja walimwita Mama Nozeli. Malalamiko alishasikia ya kila rangi. Hili lilikuwa jipya.

"Kama lilivyokuwa vipi?"

"Kama nilivyokuletea. Na moshi wake, na unywaji wake."

Mchomeleaji wa ng'ambo ya ua alizima mtambo na kupandisha miwani kwenye paji, apate kusikia vizuri.

"Bwana, uko sawasawa kweli?" Mama Nozeli aliweka spana chini. "Mwezi jana ulikuja hapa mbio mbio, wakaguzi wamelikataa lori kwa moshi. Nikakwambia, moshi mweusi ni dizeli inayotoka bila kuungua. Nozeli, zile ncha za kuingizia dizeli kwenye injini, zilikuwa zinadondosha badala ya kupuliza. Pampu inamwaga dizeli kuliko hewa, tena inachelewa. Nimepunguza, nimeirudisha kwenye majira yake, umepita ukaguzi. Kosa langu liko wapi?"

"Halina nguvu."

"Uongo."

"Unaniita mwongo?"

"Panda."

Lori lilikuwa limejaa mchanga hadi kwenye kingo. Mama Nozeli alishika usukani mwenyewe, akaliingiza kwenye mlima wa nyuma ya soko. Mwenye lori alikaa pembeni, meno yameumana, macho mbele kama anapelekwa kunyongwa. Lilipanda kwa gia ya tatu bila kukohoa. Kwenye kioo cha pembeni barabara ilionekana yote, nyeupe bila moshi, hadi kule chini. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo barazani hata hakugeuka.

"Nguvu hiyo," Mama Nozeli alisema walipofika juu. "Au ulitaka lipae?"

Mwenye lori aligeukia dirishani.

"Machimboni kwenda na kurudi linakula ngapi sasa?"

"Themanini."

"Na zamani?"

Alijibu kama mtu anayeng'olewa jino. "Mia na kumi."

"Lita thelathini kila safari, na mzigo ni ule ule! Wenzako wangenibusu mikono, wewe unanitupia funguo. Au umepima vibaya?"

"Nimepima mara sita!" Sauti yake iligonga kioo. "Mara sita! Nimejaza tangi mwenyewe, nimeendesha mwenyewe, nimelala na ufunguo wa tangi mfukoni. Usiniambie habari ya kupima."

"Kwani dereva wako yuko wapi?"

"Hayakuhusu. Geuza gari."

Walirudi uani. Mama Nozeli alishamsoma. Watu wa namna hii aliwajua kama vidole vyake: wakishapata cheti cha ukaguzi, hurudi kinyemela kutaka pampu ifunguliwe, wapakie tani mbili za wizi juu ya mzigo halali. Moshi wanawaachia wengine wavute.

Alimweleza hivyo hivyo, pale pale uani, mbele ya mchomeleaji. "Nyuma ya ukuta huu kuna darasa la watoto wadogo. Siwezi kuwapulizia masizi kwa ajili ya tamaa yako. Tafuta fundi mwingine asiye na haya."

"Lori ni langu."

"Na mikono ni yangu."

Mwenye lori alinyakua bisibisi kwenye benchi, akaliendea lori. Mama Nozeli akamtangulia, akasimama mbele ya mlango wa injini, mgongo wake umegusa bati la moto.

"Ondoka hapo, mama."

"Nipitie juu."

"Nitakuumiza!"

"Jaribu," alisema mchomeleaji, ambaye alikuwa ameshavuka ua na nyundo yake.

Mwenye lori alishusha bisibisi. Aliwatazama wote wawili, kisha akaitazama ile pampu kupitia uwazi wa bati, kwa chuki, kama anamtazama mtu. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Nataka kujua kitu kimoja. Ilikuwa hivyo tangu lini?"

"Nini?"

"Pampu. Tangu lini ilikuwa inamwaga?"

"Tangu ulipolinunua lori, kwa nilivyoiona mimi. Skrubu yake ya kupimia dizeli ilikuwa imeshikwa na kutu ya miaka. Hakuna aliyeigusa."

"Pengine iliharibika karibuni. Mwezi jana. Miezi miwili hii."

"Nozeli haziliki vile kwa miezi miwili."

"Sema pengine!"

"Sisemi. Nimeshika mwenyewe, nimeona mwenyewe."

Alirusha bisibisi ukutani. Ikadunda, ikaingia chini ya mitungi ya gesi. Akatukana pampu, akamtukana Mama Nozeli, akamtukana na mama yake aliyemzaa. Mchomeleaji alipiga hatua moja; Mama Nozeli akamzuia kwa kiganja, kwa kuwa mwenye lori alikuwa ameshakaa chini, kwenye ngazi ya lori lake, suruali nyeupe juu ya grisi.

"Ukilirudisha nitakulipa mara mbili," alisema. "Usiponirudishia leo, kesho akishika usukani atajua kabla hajamaliza mlima."

"Nani atajua?"

"Dereva wangu. Mdogo wangu, tumbo moja. Kesho anatoka jela, nilikompeleka mimi kwa wizi wa dizeli, lita thelathini kila safari; na juzi ameniandikia barua ya kuomba msamaha, nami nimemsamehe."