Sheria ya Kambare

Sanduku lilikaa mlangoni tangu asubuhi, limekazwa mkanda barabara. Wifi mtu alilipita mara tatu akitabasamu. Angalau mke wa kaka yake amejua la kufanya.

Mwenyewe Mama Sita alikuwa nje, kando ya bwawa alilochimba marehemu baba yake kwa jembe la mkono. Alikuwa amempakata kambare jike, akimminya tumbo taratibu, mayai yakimwagika kwenye beseni kama ulezi.

"Wifi, ingia ndani! Wazee hawangoji samaki."

"Miaka ishirini wamengoja mtoto wa kiume, watashindwa kungoja ninawe mikono?"

Sebuleni mumewe alikaa na fulana. Shati lake la kola alilitafuta asubuhi nzima asilione. Pembeni yake alikaa baba yake mkubwa, na fimbo yake, tayari kukata shauri: mabinti sita, wa kiume hata wa dawa, mke arudi kwao, aletwe mwingine.

"Wala si maneno yangu," mume alisema. "Muulizeni binti yetu mkubwa. Si anapima samaki kwenye maabara? Mwanangu, ulinambia nini juu ya kambare wetu?"

Binti, aliyesimama kando ya kiti cha baba yake, aliinamisha kichwa.

"Sema tu, mwanangu," mama yake alisema, akiingia na beseni lake la mayai na kulitua sakafuni. "Ukweli hauna mkwe."

"Nilisema nimezitazama kromosomu zao kwenye darubini. Zile za jinsia, dume anazo mbili zinazofanana. Jike zake mbili hazifanani. Kwa hiyo yai la mama ndilo linaloamua kifaranga awe dume au jike."

"Haya! Elimu hiyo imenena!" Wifi alipiga makofi.

"Basi kosa ni la jike," alisema baba mkubwa. "Ajiandae."

Mama Sita alijifuta mikono kwa upindo wa kanga, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akasema, "Kitendawili!"

"Wewe mwanamke, huu ni wakati wa—" mume alianza.

"Tega," baba mkubwa alijibu. Mazoea yana taabu.

"Sura moja, sharubu moja, tope moja. Ukivuka mto, sheria yao imepinduka."

Walikuna vichwa. Wakashindwa.

"Mpe babu yako jibu, mwanangu."

"Kambare," binti alisema, sasa kichwa kimeinuka. "Wale wa ng'ambo ni ndugu wa hawa, ila vizazi vyao viliachana zamani na kromosomu zikashika njia nyingine. Kule jike ndiye mwenye mbili zinazofanana. Dume ndiye anayeamua."

"Na watu?"

"Watu ni kama wa ng'ambo, mama. Anayeamua ni baba."

Makofi ya wifi yalikwama hewani. Mume alitazama dari kana kwamba jibu lingine limeandikwa huko.

"Na mimi," Mama Sita aliongeza, "kama nina sharubu, nionyesheni."

Baba mkubwa alikohoa, akaigeuzageuza fimbo yake. Mwishowe akasema, "Shauri limekwisha. Hakuna kwenda kwao. Tumemsamehe."

Mume alinyanyuka haraka, akaenda mlangoni, akalishika sanduku ili alirudishe chumbani. Likamwelemea.

"Liache hapo hapo," alisema Mama Sita.

"Usisuse, mke wangu. Baba Mkubwa amesema huendi kwenu."

"Niende kwetu wapi? Kwetu si ndipo hapa, ulipokuja na mfuko mmoja mkononi?" Aliinama akaokota beseni lake la mayai. "Lile shati lako la kola nimeliweka humo, juu kabisa. Nimelipiga pasi."