Hewa ya Saa Nne

Kila Jumanne na kila Alhamisi, ikitimia saa nne asubuhi, hewa ya sebuleni ilichafuka. Na saa hiyo ndani ya nyumba alibaki mtu mmoja tu: baba yake.

Dobi alikaa ukingoni mwa kitanda, kijimashine cha kupima hewa mkononi, akizisoma tena zile saa kilizozihifadhi. Alikinunua baada ya binti yake wa miaka minne, Kifaranga, kulazwa kwa mara ya pili kwa pumu. "Kikiwaka kijani, pumueni," muuzaji wa duka la dawa alimwambia. "Kikiwaka chekundu, hewa imechakaa. Fungueni madirisha, kisha mtafuteni mchawi."

Mchawi alitafutwa. Zulia lilitolewa likagawiwa. Jiko la mkaa lilihamia uani, mvua inyeshe isinyeshe. Dawa ya mbu ya kuchoma ilipigwa marufuku, vikanunuliwa vyandarua. Ukuta wa bafuni ulisuguliwa ukungu mpaka na rangi ikatoka. Mumewe, fundi umeme, alipanda ngazi akatoboa tundu la hewa juu ya dirisha la jikoni, akashuka na vumbi hadi kwenye kope.

Kifua cha Kifaranga kikaanza kutulia. Taa ikawa ya kijani wiki nzima, isipokuwa Jumanne na Alhamisi, Kifaranga akiwa chekechea.

"Labda hicho kidude ni kibovu," mumewe alisema, akitafuna peremende.

"Kibovu siku mbili kwa wiki?"

"Hata mimi kuna siku siamki vizuri."

Dobi hakucheka. Miaka kumi na moja alishinda na nguo za watu. Akinusa kola tu, alijua mwenyewe kala nini na kapita wapi. Na sasa mito ya makochi yake ilinuka tumbaku.

Baba yake alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini, na watu walimwita Injini, lakini si kwa sababu ya treni. Alikuwa akimaliza pakiti mbili za sigara kwa siku. Aliacha siku Kifaranga alipolazwa mara ya kwanza: alisimama kwenye mlango wa wodi, akamkabidhi muuguzi kiberiti, akasema, "Basi." Tangu hapo mwaka umepita, na hakuna aliyemtilia shaka.

Jioni ile dobi alimkuta jikoni akimenya viazi.

"Baba, Jumanne saa nne ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napumua, mwanangu. Siku hizi na hilo linaombewa kibali?"

"Na madirisha yamefungwa?"

"Upepo ulikuwa mkali."

"Na sukari? Kilo mbili kwa wiki, baba!"

Mzee alikichungulia kiazi kama aliyeona kitu ndani yake. "Uzeeni utamu unapungua," alisema. "Lazima uongezewe."

Hakukana. Hilo ndilo lililomchoma dobi. Angekana, wangegombana, wakanuniana siku mbili, yakaisha. Aliingia chumbani akafunga mlango nyuma yake.

"Atahamia kwa kaka," alimwambia mumewe. "Siwezi kumrudisha mtoto wodini kwa sababu namwonea baba yangu haya."

Mumewe aliacha kufungua kamba za viatu. "Mama Kifaranga, taratibu. Usimkabe mzee."

"Wewe wa kumtetea? Wewe unayerudi na moshi wa mafundi wenzako, shati nalifua mara mbili mbili, na hujawahi kuleta hata kipisi cha sigara humu ndani?"

Mumewe aliinamia tena viatu vyake. "Nakuomba tu umpe muda," alisema. "Huyo mzee ana moyo kuliko unavyojua."

Alimpa mpaka Alhamisi.

Siku hiyo alimwachia mwenzake pasi ikiwa ya moto na foronya zikiwa bado zimekunjamana, akatembea nyumbani kwa hatua za mtu anayekwenda kudai haki. Njiani alilipanga neno lake, akalipangua, akalipanga upya. Alianza na "Baba, nakupenda," akaona halina meno. Alianza na "Baba, umenidanganya," akaona machozi yatamtoka kabla hajalimaliza.

Saa nne na robo alifika. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa na mapazia yameshushwa. Ndani kulisikika sauti ya chini. Alidhani ni redio. Akausukuma mlango.

Hapakuwa na moshi. Palikuwa na joto, na hewa nzito ya pumzi za wanaume tisa. Walibanana kwenye makochi, wengine chini, magoti yakigusana, kila mmoja na kikombe cha chai, jasho likiwatiririka. Wote walikuwa wameupa mlango mgongo. Injini peke yake ndiye aliyekaa akiwaelekea. Alimwona binti yake, akaweka kidole mdomoni.

Kinyozi wa kona ya pili ndiye aliyekuwa amesimama.

"Siku ya kumi na tisa," alikuwa akisema. "Sijagusa sigara hata moja. Mke wangu anashangaa kwa nini siku hizi nanukia vizuri, anadhani nimepata mwanamke."

Wakacheka kwa kujibana. Wakampigia makofi kwa vidole viwili viwili, majirani wasisikie.

"Hongera, kaa," Injini alisema. Kisha akamtazama binti yake. "Haya, mkwe wangu. Zamu yako."

Kwenye mkeka akainuka mwanamume mwenye bisibisi kwenye mfuko wa nyuma.

"Siku ya kwanza," mumewe alisema. "Kwa mara ya nne."