Bendera ya Mchungaji Harlan

Haya ni kweli tupu, na anayebisha aende Alabama, kule Marekani, akaulize.

Mchungaji Harlan alikuwa amechoka kuhubiri kando ya bendera ya taifa iliyouziba msalaba. Jumapili moja, katikati ya ibada, akaamua kuitoa nje, hata kama wangemfukuza kazi.

Akaiinua, akaelekea mlangoni. Papo hapo waumini wote wakasimama, mikono vifuani, wakidhani ni gwaride. Kwenye sala walikuwa wamekaa.

"Taratibu, Mchungaji, isiguse sakafu," shemasi mzee akamnong'oneza, machozi yakimlengalenga. "Na sisi tulivyokusengenya, eti huipendi nchi. Utusamehe, ndugu yangu."

Mlingoti ulimlemea mabega. Mlango ulibaki hatua tatu.

Harlan akageuka, akairudisha palepale.

"Kaeni," akasema.

Hakuna aliyekaa.