Kanu na Tundu la Ghala

Hii ni ya msituni, ila wenye vyeti wataielewa haraka. Kanu, mnyama mwembamba mwenye madoa, alikuwa akitafuta kazi msimu wa tatu sasa. Njaa ilimuuma, lakini udadisi ulimuuma zaidi. Siku hiyo alifika kwenye intavyuu ya mlinzi msaidizi wa ghala la chikichi, lililokuwa ndani ya mti wenye tundu dogo.

Mwenyekiti Chui alimtazama juu hadi chini. "Kijana, eksipiriensi?"

"Sina, Mzee. Nina macho na pua."

Katibu Nguruwe alicheka hadi akakohoa. "Sori, my dear. Tunataka miaka mitano, kama mlinzi wetu Nguchiro. Yule kazi anaipenda, hata nje hatoki!"

"Hatoki tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Na ninyi wakubwa, mmewahi kuchungulia?"

Vichwa vyao visingepita pale. Kanu hakungoja ruhusa. Alipanda, akazamisha kichwa tunduni, mkia wake wa pingilipingili ukabaki nje ukichezacheza.

"Unaona nini?" Chui alifoka.

Kanu akachomoa kichwa. "Nimeiona eksipiriensi, Mzee. Imenenepa, haipiti tena mlangoni. Zaidi yake ni maganda matupu."

Chui akajikuna sikio, kisha akalainisha sauti. "Mwanangu, unaweza kuanza lini?"

"Hata sasa hivi," Kanu alisema. "Ila nina swali moja dogo. Nalinda nini?"