Hatua Themanini Mpaka Mlangoni

Nekoye aliweka sahani ya obusuma, ugali wa kwao, na mboga juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua tatu, ndipo akamwambia mumewe, "Kula, Baba Khalayi."

"Kwani mimi ni mbwa?" Sylvanus aliuliza.

Nekoye alirudi nyuma hatua moja zaidi. Alisubiri akitazama pembeni mpaka sahani ikaisha, akaishika kwa jani la mgomba, akashika njia ya nyumbani. Nywele alizokuwa akizisuka kila Jumamosi sasa zilikuwa fupi kama za msichana wa shule. Hilo nalo hakulieleza.

Ulikuwa mwezi wa pili tangu Sylvanus arudi Lubao, na mwezi wa pili wa kulala kwenye kibanda hiki nje ya ua, karibu na chemchemi. Binti yao Khalayi hakuruhusiwa hata kumsogelea. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu mwenye boma hakuwa amepewa hata kigoda cha kukalia uani kwake.

Iliyomponza ni miguu, hilo hakulitilia shaka. Alikuwa mzamiaji wa bandarini Mombasa, kazi ambayo watu wa kwao waliiona ni ya samaki. Siku ile ya Machi alikuwa chini ya meli, pima ishirini kwenda chini, mtungi wa hewa mgongoni, akikata kamba iliyojiviringisha kwenye nanga, mara mpira wa hewa ukachanika. Akapanda juu mbio. Haraka haraka haina baraka, na kwa mzamiaji hiyo si methali ya kupambia maneno: mtu akipanda ghafla, damu yake hutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Alifika juu hajisikii kuanzia kiunoni kwenda chini. Mkondo ukamchukua, meli ya mizigo ikamwokota mbali na bandari, ikaenda kumshusha Tanga. Mzamiaji haendi kazini na kipande cha kumtambulisha mfukoni. Wiki saba alilala hospitali ya huko, hana ulimi wala jina.

Ulimi ulirudi, kisha kidole gumba cha mguu wa kulia. Hakuandika barua nyumbani, alitaka kuwashtukiza. Akapanda treni mpaka Butere, akapakiwa kwenye lori la mahindi.

Nao walishtuka kweli. Mama yake alipomwona akishushwa langoni, alipiga nduru akakimbilia ndani. Wanyonyi, mdogo wake, alisimama kati ya nguzo za lango, mikono ameitandaza kama anayezuia ng'ombe asiingie shambani. Koti alilovaa lilikuwa la Sylvanus.

"Usiingie, kaka. Bado."

"Bado nini?"

"Tungoje Baba Joash."

Baba Joash, ndugu wa baba yao, alikuwa Lugari akingojea kugawiwa kipande cha shamba la mzungu aliyeondoka. Serikali ilikuwa mpya na foleni ilikuwa ndefu, na barua walizomtumia huko hazikuifupisha. Basi Sylvanus angoje. Uhuru ulikuwa umefika nchi nzima, isipokuwa kwenye lango lake.

Hasira ilimla. Alimwona binamu yake akipita barabarani juu ya baiskeli ya Sylvanus mwenyewe, akamtukana mpaka sauti ikakauka. Asiyekuwapo na lake halipo, sawa, lakini yeye si alikuwapo? Mama alipoleta uji, alimuuliza waziwazi kama Wanyonyi amemchukua Nekoye.

"Hakuna mtu amemgusa bibi yako," mama alisema. "Walitaka, yeye akakataa."

"Walitaka nini? Na mimi niko hapa?"

Mama alitazama chini. "Hiyo maneno hatusemangi mbele ya mgonjwa."

Kumbe ugonjwa ndio kosa! Basi angeumaliza yeye mwenyewe. Kila asubuhi, wenzake wakienda shambani, alijikokota nje kwa fimbo mbili. Daktari wa Tanga alimwambia miguu ya namna hiyo haiamrishwi, hubembelezwa. Lakini Sylvanus hakuwa na subira ya kubembeleza kitu. Alianguka, akatukana, akaamka. Hatua tano. Wiki iliyofuata, kumi na mbili. Siku moja miguu ikagoma, akapata mbili tu, akalala pale pale kwenye umande akilia kwa uchungu. Mwezi wa pili ulipoingia alifika hamsini. Kutoka kibandani mpaka mlango wa nyumba yake alikadiria themanini. Alitaka Nekoye amwone akizitembea zote, kisha amwambie usoni kama bado anamtaka.

Siku ya soko, Wanyonyi na mama walipoondoka, alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akaanza. Alifika langoni jasho likimtiririka, magoti yakigongana. Nekoye alikuwa uani akianua nguo. Alipomwona alizidondosha zote, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, akamkimbilia.

"Usipite hapo! Baba Khalayi, nakuomba! Baba Joash anafika kesho na kondoo wa tambiko. Yeye ndiye atakupitisha kule nyuma, tutatoboa ua!"

"Nipite nyuma kama mwizi? Nyumba ni ya nani?"

"Ni yako. Ni yako, lakini ngoja kesho."

"Nimengoja vya kutosha," Sylvanus alisema. Akavuka lango.

Nekoye alijifunika uso kwa kanga. Hatua sitini. Sabini. Sylvanus aliipita pembe ya jiko, akainua macho autazame mlango wake. Kushoto mwa mlango huo palikuwa na tuta la udongo lililoanza kuota nyasi, na juu yake msalaba wa mbao, na kwenye msalaba, kwa mwandiko wa Wanyonyi: SYLVANUS SHITANDA, 1934–1964.