Neno la Mwalimu

"Mwalimu, hiyo programu yako ya kupangia kurasa za jarida letu haifunguki kwenye Linux, mfumo wa kompyuta za shule," kiranja aliniambia mbele ya darasa. "Si tutumie hii ya bure? Ipo kwenye kompyuta zote."

"Nani anamfundisha mwenzake hapa?" nilimfokea.

Nikang'ang'ania ile niliyoizoea, iliyokuwa kwenye kompyuta yangu peke yake. Darasa zima likabaki kunichungulia mabegani, na wakahitimu jarida letu halijatoka.

Leo, nikifuta mafaili yao, nimelikuta jarida lote kwenye kompyuta ya shule aliyokuwa akiitumia kiranja: kurasa kumi na mbili, kazipanga kwa ile ya bure, safu zimenyooka utadhani zimepigwa rula.

Ukurasa wa mwisho una kisanduku cheupe chenye mstari mmoja: "Hapa ni pa neno la mwalimu. Nitamwomba hasira zikimwisha."